Kufariji na kuponya: juu ya kazi moja ya psikolojia katika Kivu

Tarehe 6 mwezi wa sita 2013, gazeti la waganga wa Marekani liitwalo The New England Journal of Medicine lilitoa habari ya kazi moja iliyofanywa hapa kwetu mashariki ya Kongo, kati ya wamama walioshikwa kwa nguvu na watu wenye silaha. Judith Bass, wa chuo kikuu cha Johns Hopkins, ndiye wa kwanza kati ya waandishi. Wenzake ni wanane. Gazeti lile halipandi milima mpaka kwetu, tena limeandikwa kwa Kiingereza kigumu. Lakini mapadri, waseminari na walimu wa dini, hasa wale wanaotumika pande za Masisi na Walikale, inawapasa wajue yaliyomo. Kazi ile haikukusudia kusema juu ya Kanisa. Hata hivyo inapima kazi yetu, na kipimo chake si cha kutufurahisha tu.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Mapadri wa zamani walifundishwa psychologia kwa Kilatini, kama fungu moja la filosofia: roho ni nini, inaungana na mwili namna gani, akili na utashi vina kazi gani. Elimu ile ni ya kweli, nasi tunaishika. Psikolojia tunayosema hapa ni nyingine. Haiulizi roho ni nini. Inatazama namna mtu anavyowaza, anavyosikia moyoni, anavyokumbuka, anavyotenda, na inayapima mambo hayo kwa hesabu, kama mganga anavyopima moto wa mwili. Mjerumani Wundt aliifungulia nyumba ya mapimo katika Leipzig mwaka 1879. Wakatoliki hawakukaa mbali nayo: Mercier, kabla ya kuwa kardinali, aliitafutia nafasi katika Louvain, akaandika kitabu juu ya mianzo yake mwaka 1897. Basi mwalimu wa dini anayeitafsiri kwa maneno ‘elimu ya roho’ anawapotosha wasikilizaji. Watadhani ni dini nyingine, nao watakuwa na haki ya kuiogopa.

Tena kuna woga mwingine, nao una sababu yake. Psikolojia ilipofika kwetu haikuja kwa kuponya. Ilikuja kutafuta Mwafrika amepungukiwa na nini. J. C. Carothers alitunza wagonjwa wa akili katika Mathari, karibu na Nairobi, mpaka mwaka 1950. Mwaka 1953 Shirika la Afya la Ulimwengu likatoa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika mzima na mgonjwa. Humo alimlinganisha Mwafrika na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka uliofuata alieleza Mau Mau kwa ajili ya serikali ya Kenya, na katika maelezo yake ardhi ya Wakikuyu ilichukua nafasi ndogo kuliko mawazo yao yaliyovurugika. Mwaka huohuo wa 1954, Ombredane wa chuo kikuu cha Bruxelles alitoa kitabu juu ya mawazo ya Wakongomani, alioyatafuta kwa kuwaonyesha picha na kuwaambia wazitungie hadithi. Huyu tumpe haki yake: alielewa kwamba picha za Wazungu hazifai, akachoresha nyingine zenye watu weusi. Lakini hata hapo swali lilikuwa limekatwa Ulaya kabla mtu wa Kongo hajafungua kinywa. Carothers alikuwa na kosa kubwa zaidi, maana aliwaona watu katika nyumba ya wagonjwa, kisha akahukumu waliobaki kijijini.

Tunaanza na hayo kwa sababu yanatupa kipimo cha kuhukumu kazi ya 2013. Je, nayo ilikuja na swali lililokatwa ng’ambo?

Kwa sehemu, ndiyo. Orodha ya dalili waliyotumia ilitungwa Marekani. Lakini jambo moja linatupendeza sana. Walipotaka kujua kama mama amepona, hawakutosheka na kumwuliza juu ya usingizi na machozi. Walipima pia kazi 20 za maisha ya kila siku, kazi ambazo mama wa huku anajua kwamba asipoziweza si mzima: kulima, kupika, kutunza watoto na nyingine za namna hiyo. Anayetoka Masisi anajua maana yake. Kwetu hakuna anayesema ‘nina huzuni nzito’. Watu husema: ‘Mama yule ana mawazo mengi’, ‘kichwa chake hakiko’, na dalili yake ni shamba la maharagi lililomezwa na majani. Aliyeweka jembe na chungu katika hesabu ya psikolojia ameanza kumsikiliza mtu kabla ya kumpima.

Sasa tueleze kazi yenyewe. Hawakuchukua kila mama aliyetendewa jeuri. Walichukua wale tu ambao dalili zao zilikuwa nzito: hawalali, wanaona tena yaliyopita kana kwamba yanatendeka sasa, wanaogopa watu, wanashindwa kazi zao. Vijiji 16 viligawanywa kwa kura. Kura ilipigwa juu ya vijiji, si juu ya mtu mmoja mmoja, na sababu yake inaeleweka: huwezi kumpa mama huyu dawa na kumnyima jirani wanayeteka maji pamoja, wataambiana njiani. Katika vijiji vya upande mmoja wamama walipata tiba ya mawazo, mara moja mama peke yake na msaidizi, kisha mara 11 pamoja na wenzake katika kundi. Katika vijiji vya upande wa pili walipata msaada: msaidizi alikuwapo kwa kumsikiliza kila mmoja, kumtuliza, kumwonyesha njia ya hospitali au ya msaada mwingine, kila mara alipohitaji. Wasaidizi walikuwa watu wa hukuhuku, wale ambao Kivu nzima inawaita APS. Hawakuwa waganga. Walikuwa na miaka minne au zaidi ya masomo baada ya shule ya msingi, na mazoea ya kusikiliza watu. Kijiji kimoja kiliondolewa kwa sababu walitia shaka juu ya uwezo wa msaidizi wake. Vikabaki vijiji 7 vya tiba, vyenye wamama 157, na vijiji 8 vya msaada, vyenye wamama 248.

Huzuni na wasiwasi vilihesabiwa kwa alama toka 0 mpaka 3. Wamama wa msaada walianza na 2,2. Mwisho wa kazi walikuwa na 1,7. Miezi sita baadaye 1,5. Wamama wa tiba walianza na 2,0. Mwisho wa kazi walikuwa na 0,8. Miezi sita baadaye 0,7. Kwa maneno mengine: nusu mwaka baada ya yote kwisha, katika wamama 100 wa tiba 9 tu walikuwa bado na dalili za kutosha kuitwa wagonjwa wa huzuni au wasiwasi. Katika wamama 100 wa msaada walikuwa 42.

Ndugu wasomaji, tuzisome hesabu hizi polepole, maana upande wa pili ni sisi. Padri anayemtembelea mama aliyetoka porini, mwalimu wa dini anayeketi naye nyuma ya nyumba na kumsikiliza mpaka machozi yakauke, masista wanaompa kitenge na kilo mbili za unga na barua ya hospitali: hiyo ndiyo kazi ya vijiji vile 8. Ni kazi ya huruma, na hesabu inaonyesha kwamba walioipata walipata nafuu. Toka 2,2 kushuka mpaka 1,5 si bure. Lakini 42 katika 100 walibaki na mzigo wao, wakati dawa nyingine ilikuwako. Kumfariji mtu na kumponya si jambo moja. Tumezoea kusema ‘tumemfariji’ na kufunga mlango, kana kwamba yamekwisha.

Ni nini basi iliyomo katika zile mara 12, ambayo haimo katika faraja yetu? Tiba hii ilianza na mwanamke wa Marekani, Patricia Resick, aliyeitunga kwa ajili ya wanawake walioshikwa kwa nguvu katika nchi yake. Msingi wake ni huu: jeraha halidumu kwa sababu ya ukumbusho peke yake, linadumishwa na hukumu ambayo mtu amejikatia. Mama anasema moyoni: ‘Ningepita njia nyingine.’ ‘Ningepiga kelele.’ ‘Sikufa, basi nilikubali.’ ‘Mimi ni mchafu.’ ‘Kila mwanamume ni adui.’ Mfariji akisikia hayo hujibu haraka: ‘Usiwaze hivyo, mama, Mungu anakupenda.’ Jibu ni la kweli, lakini ni la mfariji. Mama anarudi nyumbani na hukumu yake ileile. Katika tiba, msaidizi hamjibii. Anamfundisha kuikamata ile sauti, kuitenga na jambo lenyewe, na kuiuliza maswali. Walikuwa wangapi? Walikuwa na bunduki? Ile njia nyingine ilikuwa salama siku ile, na wewe ulijua? Ungepiga kelele, nani angefika? Polepole mama mwenyewe anaona kwamba hukumu ile ni ya uwongo, na siku anayoona hivyo kwa akili yake mwenyewe, haimtawali tena kama zamani.

Katika Marekani mgonjwa huandika mambo hayo katika karatasi na kuzileta. Hapa wamama wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo masomo yalifanywa mepesi, wakayashika kwa kichwa. Tumefurahi kusoma hayo. Wanaocheka katekisimu ya kuimba kwa moyo, ile ya babu zetu, wajue kwamba hata psikolojia ya Johns Hopkins imepita njia hiyo ilipofika Kivu.

Mseminari ataona mara moja kwamba katika jambo hili hakuna kitu kigeni kwetu. Mtakatifu Augustino, Roma ilipotekwa mwaka 410, aliwaandikia Wakristu juu ya mabikira na wanawake waliotendewa jeuri na askari. Watu walikuwa wakiwanong’ona, na wengine wao walikuwa wamejiua. Katika kitabu cha kwanza cha Mji wa Mungu alieleza kwamba usafi wa moyo hauondolewi na nguvu za mtu mwingine pale ambapo utashi haukukubali. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, anaposema juu ya dawa za huzuni, anataja machozi, huruma ya marafiki, hata usingizi na kuoga. Lakini anaweka pia kati ya dawa hizo kuitazama kweli. Machozi na marafiki, hiyo ni vijiji 8. Kuitazama kweli ndiko kulikoongezwa katika vile 7. Theolojia ilijua dawa. Psikolojia imetafuta kipimo chake: mara ngapi, na nani, kwa maswali gani, na je, kesho yake mama analima?

Tusidhani kwamba jambo hili ni la shule tu. Katika Walikale, toka tarehe 30 mwezi wa saba mpaka tarehe 2 mwezi wa nane 2010, watu wenye silaha waliingia Luvungi na vijiji vya jirani, na uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 300 walioshikwa kwa nguvu. Mkubwa wa kundi moja la wale, Ntabo Ntaberi Sheka, alihukumiwa kifungo cha maisha na mahakama ya kijeshi katika Goma mwaka 2020. Sheria ilichukua miaka kumi. Na katika miaka hiyo kumi, wale wamama walienda kwa nani? Walienda kwa waume zao, na wengi tunajua walivyopokelewa. Walienda kwenye vyumba vya sala, ambako yule asiyelala anaambiwa ana pepo, na anayeota bunduki anaulizwa ni mlozi gani wa ukoo wake. Na walikuja kwetu, katika kiti cha maungamo.

Hapo ndipo tunapoona hatari kubwa kuliko zote. Mama anapiga magoti na kusema: ‘Padri, nilizini.’ Padri aliyechoka, mwenye mstari mrefu mpaka mlangoni, anampa malipizi na maondoleo, na kumwambia kwa upole: ‘Mungu amekusamehe.’ Kwa neno hilo la upole amethibitisha kwamba kulikuwa na kitu cha kusamehewa. Hukumu ya uwongo imepata muhuri wa Kanisa. Mwalimu wa dini naye, kwa nia njema, anamwambia: ‘Wasamehe waliokutenda, utapata amani.’ Kusamehe ni amri ya Bwana, hatuiondoi. Lakini mama ambaye bado anajihesabu mwenyewe kuwa mkosaji atamsamehe nani? Kwanza ajue nani ametenda kosa. Padri aliyesoma theolojia ya moral anajua vizuri kwamba jeuri inaondoa utashi. Ajabu ni kwamba mara nyingi anaijua katika mtihani na kuisahau katika kiti.

Sasa tuseme yale ambayo hatuyakubali katika kazi hii, maana hatupendi kumeza kila kitu kwa sababu kimechapwa Marekani.

Walioulizwa mara zote tatu, yaani mwanzo, mwisho na miezi sita baadaye, walikuwa 65 katika 100 upande wa tiba, na 52 katika 100 upande wa msaada. Waandishi walilisema waziwazi, na tunawasifu. Lakini katika Kivu mtu haachi kufika kwa uvivu. Amekimbia, ameuguza mtoto, amezuiwa na mume, au amekufa. Hesabu inaweza kuwakadiria waliokosekana. Haiwezi kutuambia kama waliokosekana ndio waliokuwa wagonjwa kuliko wengine. Tena pande mbili hazikuanza sawasawa: 2,0 na 2,2. Tofauti ni ndogo, na kura ya vijiji kumi na sita haiwezi kuleta usawa kamili. Lakini inatosha kutukataza kusema kwa kiburi. La tatu, hapakuwa na upande ambao haukupata kitu. Sababu ya huruma inaeleweka, na sisi tusingetaka iwe vingine. Ila kwa hiyo hatuwezi kujua nafuu ya wale wa msaada imetoka wapi, katika msaada wenyewe au katika siku zinazopita. Tuliokwisha kusema kwamba upande huo ni sisi, tusijisifu upesi kwa zile alama saba walizopungukiwa baada ya koma.

Na majina tisa ya waandishi ni ya watu wa ng’ambo. Wale APS, waliokaa na wamama juma kwa juma, wakitembea kwa miguu kwenye njia ambazo sote tunazijua, wanashukuriwa lakini hawaonekani kama watu wenye fikira. Tungependa sana kusoma ni swali gani walilolibuni wao, lisilokuwamo katika kitabu cha Resick. Hakika yalikuwapo.

Kuna upungufu mwingine ambao si kosa la waandishi, maana hawakuchukua kazi hiyo: wanaume. Kijana aliyekaa porini miaka minne na kundi lenye silaha anarudi kijijini, na naye halali. Je, apewe dawa ileile? Wanapsikolojia wa chuo kikuu cha Konstanz katika Ujerumani walifanya kazi na wapiganaji wa zamani huku mashariki, wengine katika Goma. Njia yao ni nyingine. Mtu anatandika kamba chini, ndiyo maisha yake toka kuzaliwa; anaweka ua pale alipopata furaha, jiwe pale alipoona mabaya, na kwa wapiganaji wakaongeza kijiti pale yeye mwenyewe alipotenda jeuri. Kisha anasimulia yote kwa mpango, jiwe kwa jiwe. Katika kazi zao, mwaka 2013, walionyesha jambo gumu: wako wapiganaji ambao jeuri imekuwa tamu kwao, na wale wanaoisikia tamu mara nyingi hawasumbuliwi sana na ndoto mbaya.

Neno hilo linafaa lisomwe na kila muungamishi wa Masisi. Kama tungepima afya kwa usingizi tu, tungesema kwamba yule aliyeua na kufurahi ndiye mzima. Hapa psikolojia imefika ukingoni mwake, na inafaa ijue hivyo. Pio wa kumi na mbili, alipopokea wanapsikolojia katika Roma mwezi wa nne 1953, aliwaheshimu na kazi yao, lakini akawakumbusha kwamba hatia ya kweli haiponywi kwa tiba ya mawazo peke yake. Mama wa Luvungi anasema ‘ni kosa langu’, na inatupasa kumsaidia aone kwamba si kweli. Kijana wa msituni anasema ‘sikufanya kitu, ilikuwa vita’, na inatupasa kumsaidia aone kwamba alifanya. Mmoja anaondolewa hatia ya uwongo, mwingine anaongozwa kwenye hatia ya kweli ili apate kutubu. Anayetumia maneno mamoja kwa wote wawili anamwumiza wa kwanza na kumlaza wa pili.

Banyanga wa Walikale wangetuelewa. Katika masimulizi yao makubwa ya Mwindo, ambayo Biebuyck na Kahombo Mateene walichapa mwaka 1969, shujaa anashinda kila mtu na kujisifu kila mahali, na wimbo ungeweza kumwacha hivyo. Hawakumwacha. Nkuba, mwenye umeme, anampandisha juu, anakaa huko katika baridi na mateso mwaka mzima, akikaripiwa na Mwezi, na Jua, na Mvua, mpaka kiburi kimtoke. Ndipo anashuka na kuwa mwami anayefaa. Wazee wale hawakuwa na alama za 0 mpaka 3, lakini walijua kwamba mwenye nguvu haponi kwa kufarijiwa.

Mtaguso wa pili wa Vatikano, katika Gaudium et spes mwaka 1965, ulitaka wachungaji watumie katika kazi yao si theolojia peke yake bali pia elimu za ulimwengu, na kwanza psikolojia na sosiolojia. Miaka imepita mingi. Katika seminari nyingi, tukisema neno psikolojia, mwanafunzi anafikiri juu ya mtu anayekuja kumchungua kama anafaa kupewa Daraja, maana Roma ilitoa maongozi juu ya jambo hilo mwaka 2008. Maongozi yale ni mema. Lakini ni ajabu kwamba elimu hii inaingia seminarini kwa kumpima padri wa kesho, na haitoki naye anapokwenda kwa watu wake.

Watu hao hawajapumzika. Mwanzo wa 2023 Kitchanga ilitekwa na M23, na Januari 2025 Masisi-kati ikatekwa vilevile. Waliokimbia mara ya kwanza mwaka 1993, vita ilipoanzia sokoni Ntoto, wamekimbia tena wakiwa wazee, na wajukuu mgongoni. Wengine watasema: tungoje amani, ndipo tutibu mioyo. Kazi ya 2013 inajibu shauri hilo kwa namna tusiyoitazamia: ilifanywa katika vijiji ambavyo havikuwa na amani, hatari ingaliko, na wamama walipata nafuu hata hivyo.

Inabaki neno la lugha, na sisi tunaliona kuwa la kwanza kwa kazi ya baadaye. Kazi ile ilitumia Kiswahili pamoja na Mashi, Kihavu, Kifuliru na Kibembe. Kihunde hakikuwamo, wala Kinyanga. Kwa Kiswahili chetu mama anasema ‘ni kosa langu’, na neno hilo moja linabeba dhambi, na bahati mbaya, na kusahau kufunga mlango. Padri anasikia dhambi. Mama pengine alitaka kusema kwamba alichelewa kuondoka shambani. Kinyarwanda kinatenga icyaha na ikosa, na muungamishi anayekijua anaweza kuuliza: ni lipi? Katika Kihunde na Kinyanga, mama anayejilaumu hutumia neno gani, na mwenye kutenda dhambi lipi? Na yule ‘ambaye kichwa chake hakiko’, wazee humwitaje, na humtenga na mwenye pepo kwa dalili zipi? Mseminari wa Masisi au wa Walikale anaweza kuanza kukusanya maneno hayo wakati wa likizo, akiwa na daftari moja na ruhusa ya paroko wake. Awaulize wamama wazee na walimu wa dini waliokaa muda mrefu, asiandike jina la mtu yeyote, na atuletee alichopata tukichape hapa.